Wiki Tatu za Husuda

Katika mji mzima wa Kilangawe hakuwahi kuzaliwa mwanamke wa kumdanganya Fidelisi. Hilo alilisema mwenyewe, na kwa kuwa alilisema kila siku, watu walichoka kubisha. "Nipe tumbo, nipe na tarehe," alikuwa akisema huku akipaka jeli na kupiga mluzi. "Tumbo litasema kweli, tarehe itasema uongo, na mimi nitakaa katikati kama hakimu wa mahakama ya mwanzo."

Alikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne, mafunzo ya miezi tisa, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichopinda kama ndoano, kwa sababu aliwahi kuwa golikipa siku moja. Daktari hakuwa. Lakini akiitwa daktari hakusahihisha, maana si adabu kumsahihisha mgonjwa.

Kazi yake ilikuwa kumwendesha Popo. Nyinyi wanafunzi mmemkuta Popo hapa mezani mkadhani alizaliwa na zahanati. Sivyo. Alikuja na treni, ndani ya sanduku, miaka ile serikali ilipokata tamaa ya kupata madaktari wa kutosha wa kupeleka kila kituo cha reli. Ni mkanda mpana wa kufungwa tumboni, na ndani yake kuna masikio elfu moja, kila moja dogo kuliko punje ya ulezi. Unatoa sauti kali kupita kiasi cha sikio la mtu. Sauti inaingia mwilini, inagonga, inarudi. Ikigonga maji hairudi, na hapo Popo anachora weusi. Ikigonga mfupa inarudi mbio, anachora weupe. Nyama anaichora rangi za katikati. Kwa hiyo picha mnayoiona ikielea juu ya meza si picha hata kidogo. Ni mwangwi, kama ule wa mtu anayepiga kelele bondeni ili ajue bonde lina upana gani.

Popo ana pia ndugu yake mdogo, kijiti, kinachoingia kwa njia ya uzazi. Mkanda ni mtu anayetazama nyumba kutoka barabarani. Kijiti kimeshaingia, kimeketi sebuleni.

Akili ya kusoma mwangwi ni ya Popo mwenyewe. Mwendeshaji anafunga mkanda, anauliza, anaandika majibu. Swali kubwa ni moja: hedhi ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Mimba ya wiki nne haionekani, ni ndogo mno. Ikikaribia wiki sita, kifuko chake kinapaswa kuonekana ndani ya mji wa mimba, kama tundu dogo jeusi lililozungukwa na ukingo mweupe. Ikiwa kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo, tarehe inasema wiki saba, na mji wa mimba ni mtupu, basi mimba imejificha mahali. Huenda imetunga kwenye mrija, na mrija haukuumbwa kulea mtu. Utapasuka. Popo akiona hivyo haombi ruhusa ya yeyote. Anamwita Kipanga, ile ndege isiyo na rubani, kutoka hospitali ya mkoa.

Mambo yote hayo yanasimama juu ya tarehe. Na Kilangawe, jamani, tarehe ilikuwa na mila yake.

*

Mila ilikuwa hivi. Mwanamke wa Kilangawe akishika mimba, anaongeza wiki tatu. Akiwa na wiki nne anasema saba, akiwa na nane anasema kumi na moja. Mama mkwe ndiye anayemfundisha, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Sababu ni kwamba husuda nayo ina kalenda. Mwenye jicho baya akihesabu kwa tarehe ya uongo, atakuja na ubaya wake wiki tatu kabla ya kujifungua, atakuta mlango umefungwa, atachoka kungoja, ataondoka. Mtoto anakuja kwa amani baada ya adui kurudi kwake.

Mtacheka, lakini kila mmoja wenu ana mama aliyefanya hivyo.

Popo alipofika, hakuna aliyemwambia habari hizo. Mwezi wa kwanza alimwita Kipanga mara kumi na moja. Mara kumi na moja wanawake wazima walirushwa mkoani wakipiga yowe njia nzima, wakakutwa na mimba za wiki nne tu, na baadaye zote zikaonekana mahali pake. Mkoa ukaandika barua kwamba Kilangawe ikiendelea kuchezea ndege, itanyang'anywa Popo.

Ndipo Fidelisi akapewa kazi, naye akatatua tatizo kwa siku moja. Akisikia wiki saba, anaandika nne. Basi. Popo akatulia, Kipanga akalala kwenye banda lake, na mkoa ukaleta cheti chenye mhuri: Mwendeshaji Makini. Fidelisi alikitundika mahali ambapo mgonjwa akilala chali hana pengine pa kutazama. Jinsi alivyotatua hakumwambia mtu, hata Mama Gaudensia, muuguzi wake. Kwa miaka mitatu alipunguza wiki tatu kwa kila mwanamke, kama muuza nyama anayetoa uzito wa sahani, na hakukosea hata mara moja.

*

Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano, asubuhi, aliingia mwanamke mrefu aliyevaa sare ya reli, na saa kubwa ya kiume mkononi.

"Jina?"

"Somoe Chitanda."

"Umri?"

"Thelathini na mmoja."

"Hedhi ya mwisho, dada yangu?"

"Tarehe tatu mwezi wa nne. Saa kumi na moja na dakika kumi na saba alfajiri."

Fidelisi aliacha mluzi. Alikuwa ameshasikia uongo wa kila namna, lakini haukuwahi kuja na dakika. "Na sekunde je?"

"Sekunde sikuangalia. Treni ya nafaka ilikuwa imechelewa, nilikuwa na hasira."

"Kumbe treni inahusika."

"Mimi ndiye ninayeongoza treni, mdogo wangu. Pale juu ya kituo, chumba chenye vioo. Kila kitu changu kina dakika."

Fidelisi alitabasamu. Kichwani alikuwa anampigia makofi. Mwongo wa kawaida anataja tarehe. Mwongo aliyebobea anaweka dakika na treni ya nafaka. Tarehe tatu mpaka leo, wiki saba kamili. Kidole chake kilichopinda kikaandika: nne.

Alifunga mkanda. Mwangwi ukainuka juu ya meza, na kama kila siku, akainamisha kichwa kuutazama, maana utani wake wote uliishia hapo. Hakuwahi kuchoka kuona ndani ya mtu. Kibofu kilichojaa kikaonekana kama bwawa jeusi. Nyuma yake mji wa mimba, umbo la pea, ukiwa na mstari mweupe katikati. Ndani, kitu hakuna.

*Mapema mno*, Popo akaandika. *Arudi baada ya wiki mbili.*

"Mapema mno, dada. Rudi baada ya wiki mbili."

"Wiki saba ni mapema?"

"Wiki saba si mapema. Wewe ndiye uko mapema." Akamkonyeza, ili ajue kwamba siri ya mji iko salama.

Somoe hakuelewa konyezo lile. Alikaa kitandani akijifuta jeli, akimtazama kama mtu anavyotazama ishara ya reli inayowaka nyekundu na kijani kwa pamoja. Mlangoni akageuka. "Upande wa kulia panavuta kidogo. Na jana niliona tone la damu, rangi ya chai."

"Mimba changa ina deko," Fidelisi alisema. Alikuwa ameshafunga faili, na kulifungua tena kulitaka aandike maelezo. Hakulifungua.

*

Siku mbili baadaye alikwenda kituoni kupokea sanduku la jeli. Ilikuwa saa saba na dakika moja mchana. Mzee Aloisi wa mizigo alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wake, akimenya muwa.

"Shikamoo mzee. Treni imechelewa?"

"Marahaba. Itaingia saa saba na dakika nne."

"Mzee unasema kama una saa."

"Saa nilimpa mjukuu. Tangu yule mama wa Lindi ashike zamu, saa ya nini? Naangalia treni, najua muda."

Fidelisi alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mama wa wapi?"

"Lindi. Kaja mwezi wa pili. Mumewe yuko melini, hana mkwe hapa, hana shangazi, hana hata jirani wa kuazima chumvi. Namhurumia. Ila saa zake, usicheze nazo."

Treni ikaingia. Fidelisi akatazama saa ya ukutani: saa saba na dakika nne.

Mnajua hali ya mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo? Ndivyo ilivyokuwa. Hana mkwe hapa. Basi nani alimfungia mlango wa jikoni? Nani alimfundisha kuongeza? Wiki saba zilikuwa saba. Mji wa mimba ulikuwa mtupu, na mtupu kwa wiki saba si mapema. Panavuta upande wa kulia. Damu rangi ya chai. Kila kitu aliambiwa, tena kwa dakika.

Akaacha sanduku, akapanda ngazi za chumba cha vioo mbili mbili.

Somoe alikuwa kwenye kiti, uso umeparara, mkono mmoja umeshika bega la kulia.

"Bega limefanya nini?"

"Nimelalia vibaya. Limeanza saa nne na dakika kumi na moja."

Bega. Katika miezi tisa ya mafunzo kulikuwa na ukurasa mmoja uliohusu bega. Damu ikivuja tumboni inapanda, inagusa kile kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mwili, kwa kuchanganyikiwa, unalia begani. Fidelisi aliuruka ukurasa ule akifanya utani, na sasa aliukumbuka wote, hadi doa la mafuta kwenye pembe yake.

"Dada Somoe, twende. Sasa hivi."

"Ngoja dakika tatu. Nina treni mbili kwenye njia moja. Nikiondoka hivi zitasalimiana kwa paji la uso."

Akangoja. Hakuwahi kuona dakika tatu zenye urefu ule. Somoe alibonyeza, akasema na dereva mmoja, akasema na mwingine, akamkabidhi kiti mwenzake, akaandika muda kwenye daftari. Alipoinuka, alimwegemea Fidelisi. Fidelisi akamshusha ngazi, akamlaza kwenye mkokoteni, na Mzee Aloisi, mwenye miaka sabini, akausukuma kama anakimbizwa na nyuki.

*

Zahanatini, Mama Gaudensia alimlaza, akafunga pazia, akatayarisha kijiti. Safari hii tarehe iliandikwa kama ilivyosemwa: tatu, mwezi wa nne.

Mwangwi ukainuka. Kijiti kilikuwa kimeketi sebuleni, na hakuna kilichofichika. Mji wa mimba mtupu. Kulia, pembeni ya kokwa la mayai, yaani ovari, duara jeupe kama bangili ya mtoto. Katikati yake weusi. Ndani ya weusi huo kitu kidogo kuliko punje ya mchele kikipapatika, kinazima na kuwaka, kinazima na kuwaka.

"Ni moyo huo?" Somoe aliuliza.

"Ni moyo," alisema Mama Gaudensia.

"Uko mahali pake?"

"Hapana, mwanangu."

Somoe akautazama. "Umefika kwa wakati," akasema, "ila kituo kingine."

Nyuma ya mji wa mimba palikuwa na weusi mwingine, usio na ukingo, unaotanda. Ile ilikuwa damu. Popo hakuuliza mtu. *Kipanga yuko angani. Dakika ishirini na mbili.*

Mama Gaudensia akatoka mbio kufukuza watu waliokuwa wameanika mahindi kwenye uwanja wa Kipanga, maana ilikuwa msimu, na Kilangawe uwanja ukikaa bure unaanikwa mahindi. Somoe akafumba macho. Fidelisi akabaki peke yake na Popo, na Popo akaandika mstari mwingine:

*Tarehe ya juzi na ya leo hazilingani. Nani alibadilisha? Mama. Mwendeshaji.*

Vitufe viwili, vinang'aa sawasawa.

Mwelewe vizuri uzito wa vitufe hivyo. Kipanga alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo jibu halikuwa na uhusiano na ndege. Akibonyeza *Mama*, Popo ataandika kwamba mgonjwa alikosea kuhesabu, faili litafungwa, cheti kitabaki ukutani. Akibonyeza *Mwendeshaji*, leseni inasimama papo hapo, na Popo anafungua tarehe zote za miaka mitatu. Wanawake mia nne na kumi na wawili. Mkoa utasoma siri ambayo mama wakwe walifungia milango. Lakini miongoni mwao wamo sita waliorudishwa nyumbani wiki ile na ile iliyopita, kila mmoja ameambiwa mapema mno. Labda wote sita waliongeza. Labda mmoja wao hakuwa na mkwe. Popo atawaita wote sita leo hii, kama jibu litakuwa *Mwendeshaji*. Kama litakuwa *Mama*, hatamwita yeyote.

Fidelisi alivitazama. Akamtazama Somoe. Na hapo, wanafunzi wangu, ndipo mtu anapojulikana. Fidelisi hakusita hata nukta. Alinyoosha kidole chake kilichopinda, akabonyeza *Mwendeshaji*.

Kipanga alitua juu ya mahindi ya mtu mmoja mbishi. Huko mkoani waliuondoa mrija wa kulia, wakamwongezea damu chupa tatu, na Somoe akapona. Wale sita waliitwa, wakapimwa damu mara mbili kwa siku mbili, kwa kuwa kipimo kimoja cha homoni ya mimba hakisemi kitu peke yake, mpaka kionekane kinapanda. Wote sita walikuwa salama, na wote sita walikuwa wameongeza wiki tatu. Fidelisi alifungiwa leseni kwa miaka miwili. Na ndiyo sababu leo kanuni ya kwanza ya darasa hili inasema: andika tarehe kama ilivyosemwa, na wasiwasi wako uandike pembeni, kwa jina lako. Ujasiri wa Fidelisi ndio uliotupa kanuni hiyo.

*

"Sivyo," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Wanafunzi tisa wakageuka. Alisimama mwanamke mrefu mwenye sare ya reli, kadi ya zahanati mkononi, saa kubwa ya kiume kwenye kifundo cha mkono.

"Nimesimama hapa dakika kumi na nne," akasema. "Hadithi ni nzuri. Mahindi ni kweli. Mkokoteni ni kweli. Huyo Fidelisi ndiye simjui. Mwalimu Desideri, hebu waonyeshe vijana mkono wako wa kushoto."

Msimulizi wa hadithi hii, aliyekuwa ameunyanyua mkono huo kuwaonyesha jinsi ujasiri unavyobonyeza, akauficha nyuma ya Popo. Alichelewa. Macho kumi na manane yalikuwa yameshaona kidole.

"Dada Somoe," akasema msimulizi. "Karibu. Tulikuwa tunamalizia."

"Malizia basi. Ulipobaki na vile vitufe, uliniinamia. Ukaniambia, 'Dada, sema ulikosea kuhesabu. Wewe ni mgeni, hakuna atakayekulaumu.'"

Mluzi wa treni ya mbali ukasikika.

"Nilidhani umezimia," msimulizi akasema polepole.

"Basi ulikuwa unamwomba maiti akusaidie? Nilikuwa nimefumba macho tu. Popo naye hana macho, na aliona." Somoe akaingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Nikakuuliza saa ngapi. Ukasema saa saba na dakika thelathini na tisa. Nikaona kama leo nakufa, walau tarehe iandikwe kwa usahihi. Nikanyoosha mkono nikabonyeza *Mwendeshaji* mimi mwenyewe, kwa kidole hiki kilichonyooka."

Msimulizi akautoa mkono nyuma ya Popo.

"Ni kweli," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Somoe akalala chali, akafungua vifungo vya sare, akainua macho ukutani, palipobaki msumari mtupu. "Haya. Nimekuja kupimwa. Mara hii mkoani waliniambia nije mapema, kwa sababu ya mimba ile ya kwanza. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe kumi na tisa mwezi ule wa juzi, saa moja na dakika arobaini na tatu jioni. Nani anaandika?"

Msimulizi akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Si wewe," Somoe akasema. "Wewe funga mkanda."

Akaufunga. Kalamu aliichukua binti wa kiti cha mbele, Fortunata, mdogo kuliko wote na mpole kuliko wote. Akaandika tarehe, akaandika saa, akaandika dakika. Juu ya meza mwangwi ulikuwa unaanza kuinuka, na vichwa tisa vikainama kuutazama.

"Mwalimu," Fortunata akauliza, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi, "na ile hadithi kwenye daftari langu, niiache ulivyosema wewe, au niiandike kama ilivyosemwa na mgonjwa?"